Lenzi ya kutazamia mwezi na sayari: usiulize inakuza mara ngapi

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa takriban mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikwenda, likaichukua, na likaeleza kuwa uchunguzi wa awali unaonyesha ni pete ya kutenganisha vipande vya roketi, kitu ambacho kwa kawaida huungua kikirudi katika hewa ya dunia au huangukia baharini. Siku zile simu yangu haikupumzika. Jamaa wa Mombasa, Malindi na Lamu walijua niko Makueni, na kila mmoja, akishamaliza kuuliza habari za pete, aliongeza swali la pili: "Nataka kununua darubini nitazame mwezi na sayari. Ninunue inayokuza mara ngapi?"

Mie ni mtoto wa Kibokoni, lakini kwa zaidi ya miaka kumi riziki yangu imekuwa Ukambani. Nimefundisha fizikia Kitui, na sasa niko Makueni. Darubini yangu nimeibeba kote huko, nyuma ya matatu na kwenye buti za magari ya watu. Swali hilo la kukuza mara ngapi nililiuliza mwenyewe siku za mwanzo, na lilinigharimu. Kwa hivyo nimeona niandike hapa mara moja yale ambayo nimekuwa nikiyajibu kwa simu, hususan juu ya kile kipande kidogo ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii: lenzi ya jicho.

Namba iliyoandikwa kwenye sanduku

Darubini yangu ya kwanza ilikuwa na picha ya Zohali kwenye sanduku, pete zake zinang'aa, na maandishi makubwa: 675x. Mdomo wake ulikuwa na upana wa milimita 60 na urefu wa fokasi milimita 900. Nilipoielekeza kwa mwezi kwa nguvu hiyo yote, niliona ukungu wa kijivu unaotetemeka. Nikadhani macho yangu yana kasoro.

Hesabu ya namba ile ni rahisi. Kukuza kwa darubini ni urefu wa fokasi wa darubini ugawanywe kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Milimita 900 gawanya kwa lenzi ya milimita 4, unapata 225. Ndani ya sanduku kulikuwa pia na lenzi ya Barlow ya kuzidisha mara tatu. Mara tatu ya 225 ni 675. Namba haikuwa ya uongo, ila haikuwa na faida yoyote. Kanuni inayojulikana ni kuwa darubini haiwezi kukuza kwa manufaa zaidi ya mara mbili ya milimita za mdomo wake. Ya milimita 60 hufika 120 hivi. Ukipita hapo unakuza ukungu.

Kwa hivyo swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: mdomo wa darubini yangu una upana gani, na urefu wake wa fokasi ni upi? Namba hizo mbili huandikwa ubavuni mwa bomba. Lenzi ya jicho huchaguliwa kutokana na hizo.

Lenzi ya jicho hufanya kazi gani

Kioo kikuu cha darubini, kiwe lenzi ya mbele au kioo cha nyuma, hukusanya mwanga na kutengeneza picha ndogo ndani ya bomba. Lenzi ya jicho ni kile kibomba kifupi unachosogezea jicho. Kazi yake ni kuikuza ile picha ndogo, kama unavyotumia kioo cha kukuzia kusoma maandishi madogo. Ikiwa mbovu, hata kioo kikuu cha bei kali hakitakufaa. Ndiyo maana ya kusema lenzi ya jicho ni nusu ya darubini.

Lenzi hizi huwekwa herufi. H ni ya muundo wa Huygens, wa karne ya kumi na saba. K ni ya Kellner, aliyebuni yake mwaka 1849. Pl ni ya Plössl, fundi wa Vienna aliyebuni yake mwaka 1860. Or, au neno Abbe, ni ya othoskopiki. Zile zilizomo kwenye masanduku ya bei rahisi aghalabu ni H na SR, na ndizo zinazowakatisha watu tamaa.

Tazama pia unene wa kibomba. Zipo za inchi 0.965, ambazo ni darubini za zamani na za bei ya chini. Zipo za inchi 1.25, karibu milimita 31.7, ambazo ndizo za kawaida leo. Na zipo za inchi 2. Othoskopiki nyingi utakazokutana nazo ni za inchi 1.25. Pima tundu la darubini yako kwa rula kabla ya kulipa chochote.

Othoskopiki ni nini

Mwaka 1880 Ernst Abbe, mwanafizikia Mjerumani aliyefanya kazi na Carl Zeiss mjini Jena, alibuni lenzi ya jicho yenye vioo vinne: vitatu vimegandishwa pamoja, na kimoja kimesimama peke yake karibu na jicho. Jina othoskopiki limetokana na Kigiriki, na maana yake ni kuona kilichonyooka, kwa sababu lenzi hii haipindishi picha. Mstari ulionyooka hubaki umenyooka kutoka katikati hadi pembeni.

Kwa mtazamaji wa mwezi na sayari, sifa zake ni hizi. Vioo ni vichache, na sehemu ambapo mwanga hutoka hewani kuingia kiooni au kutoka kiooni kurudi hewani ni nne tu. Kila sehemu kama hiyo hurudisha mwanga kidogo na kuutawanya, na mwanga uliotawanyika hufunika mambo madogo: mkanda hafifu wa Mushtarii, mpasuko mweusi kati ya pete za Zohali, kivuli chembamba ndani ya shimo la mwezini. Othoskopiki iliyotengenezwa vizuri huacha weusi ukabaki mweusi.

Hasara zake nazo ni mbili, na muuzaji hatakutajia. Ya kwanza ni uwanja wa kuona. Ni mwembamba, nyuzi 40 hadi 45, wakati lenzi pana za leo hufika 60, 80 na hata 100. Ni kama kutazama barabara kupitia tundu la mlango badala ya dirisha. Ya pili ni nafasi ya jicho, yaani umbali ambao jicho linapaswa kukaa kutoka kwenye kioo. Katika othoskopiki nafasi hiyo ni kama asilimia 80 ya urefu wa fokasi. Lenzi ya milimita 18 hukupa milimita 14 hivi, jicho linakaa kwa raha. Ya milimita 6 hukupa milimita 5. Kope zako zinagusa kioo.

Na tuseme ukweli: tofauti kati ya othoskopiki nzuri na Plössl nzuri si kubwa. Plössl nayo ina vioo vinne, ina uwanja wa nyuzi kama 50, na ni rahisi kupatikana. Upakaji wa kisasa wa vioo umepunguza tofauti zaidi. Anayetoka kwenye lenzi ya H kwenda othoskopiki ataruka kwa furaha. Anayetoka kwenye Plössl nzuri atahitaji usiku mtulivu na jicho lililozoea ili aitambue faida.

Usiku wa foleni

Hasara hizo mbili mie sikuzisoma kitabuni. Niliagiza othoskopiki ya milimita 6 baada ya kuweka akiba miezi mingi. Darubini yangu ya sasa ina mdomo wa milimita 150 na urefu wa fokasi milimita 1200, kwa hivyo lenzi ile ilinipa kukuza mara 200. Usiku wa kwanza, peke yangu nje ya Wote, nilitazama Mushtarii mpaka shingo ikauma. Sikuwa nimewahi kuona mikanda yake imekatika wazi namna ile.

Wiki iliyofuata nikaipeleka shuleni. Wanafunzi zaidi ya arobaini walijipanga uwanjani. Nilitaka waone nilichokiona, nikaweka lenzi ile ile ya milimita 6. Darubini yangu haina mota. Unaisukuma kwa mkono. Mbingu huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani robo ya nyuzi kwa dakika. Uwanja wa kuona wa lenzi ile katika darubini yangu ni nyuzi 42 gawanya kwa 200, karibu nyuzi 0.21. Mushtarii ilikuwa inavuka kutoka ukingo hadi ukingo kwa sekunde hamsini hivi. Mtoto akiinama, akitafuta mahali pa kuweka jicho, sayari imekwisha kutoka. Naisogeza tena. Anayefuata anagusa bomba, imepotea tena.

Katikati ya foleni alikuwepo msichana wa kidato cha pili mwenye miwani minene. Aliinama, akajaribu na miwani, akaivua, akajaribu tena. Wenzake nyuma walianza kunung'unika. Akasimama wima, akasema, "Nimeona, mwalimu. Asante." Nikainama baada yake kuhakikisha. Uwanja ulikuwa mtupu, weusi mtupu. Hakuona kitu. Alisema ameona kwa adabu, ili asiwacheleweshe wenzake na asiniaibishe mimi.

Usiku ule nilirudi nyumbani na kufanya hesabu ambayo ningeifanya kabla ya kununua.

Hesabu ya kuchagua

Chukua urefu wa fokasi wa darubini, ugawanye kwa upana wa mdomo. Yangu ni 1200 kwa 150, jibu 8. Namba hii huandikwa f/8. Sasa, kwa sayari, lenzi ya jicho inayofaa zaidi ni ile ambayo milimita zake ziko sawa na namba hiyo au pungufu kidogo, mpaka robo tatu yake. Kwa f/8 ni lenzi kati ya milimita 6 na 8. Kwa f/5 ni kati ya 4 na 5. Kwa f/10 ni kati ya 7.5 na 10.

Sababu yake ni huu mwali wa mwanga unaotoka kwenye lenzi kuingia machoni. Upana wake ni milimita za lenzi ugawanye kwa ile namba ya f. Lenzi ya 6 kwenye f/8 hutoa mwali wa milimita 0.75. Ukishuka chini ya nusu milimita, picha inafifia na unaanza kuona uchafu ulio ndani ya jicho lako mwenyewe, zile nyuzi na vidoa vinavyoelea, ambavyo huwasumbua zaidi wazee.

Kwa darubini kama yangu, lenzi tatu zinatosha kwa mwezi na sayari:

Milimita 18 hukuza mara 67. Uwanja wake ni zaidi ya nyuzi 0.6, mwezi mzima unaingia na nafasi inabaki, na sayari hukaa ndani kwa dakika mbili na nusu. Usiidharau. Mushtarii ikiwa karibu na dunia, kwa mara 67 huonekana kubwa kuliko mwezi unavyoonekana kwa jicho tupu.

Milimita 10 hukuza mara 120. Hii ndiyo ya kazi ya kila siku. Siku nyingi hewa haikuruhusu zaidi ya hapo.

Milimita 6 hukuza mara 200. Ni ya usiku mtulivu, ya mtu mmoja mwenye subira, au ya darubini yenye mota.

Kampuni ya Baader ya Ujerumani imetoa othoskopiki kwa vipimo hivi hivi vitatu, 6, 10 na 18. Takahashi ya Japani nayo imetoa zake za Abbe. Zipo pia za zamani za Kijapani zinazouzwa mkono wa pili, na nyingi bado ni nzima.

Kwa mwenye miwani, au mwenye watoto wengi nyumbani, kuna njia ya kuzunguka tatizo la nafasi ya jicho. Chukua othoskopiki ya milimita 18 na lenzi nzuri ya Barlow ya mara mbili. Zikiunganishwa zinafanya kazi kama lenzi ya milimita 9, lakini nafasi ya jicho inabaki ile ya kumi na nane, au inaongezeka kidogo. Katika darubini yangu hiyo ni kukuza mara 133, na jicho limekaa mbali na kioo kwa raha. Unaongeza vioo viwili au zaidi njiani, hasara yake ni ndogo ikiwa Barlow ni nzuri. Ile iliyokuja na darubini ya bei rahisi usiihesabu.

Na kuhusu miwani yenyewe: mwenye kasoro ya kuona mbali au karibu tu anaweza kuivua na kurekebisha fokasi ya darubini mpaka picha ikae sawa. Mwenye kasoro ya jicho lililopinda, ambaye huona nukta kama mstari, ndiye anayehitaji kubaki nayo, na hata huyo shida yake hupungua mwali wa mwanga unapokuwa mwembamba. Kwa hivyo mwambie kila mtu avue miwani kwanza, umpe muda wa kuzungusha fokasi. Sikumpa yule mtoto muda huo.

Hewa ya bara na hewa ya Pwani

Kuna jambo ambalo sisi wa karibu na ikweta tumejaliwa na hatulijui. Sayari hupita njia ile ile ya jua na mwezi, na kwetu njia hiyo iko juu kabisa. Tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulipatwa kikamilifu kwa dakika 103, na Mirihi ilikuwa karibu nao. Kwa mtu wa London, Mirihi usiku ule haikupanda zaidi ya nyuzi 13 juu ya upeo wa macho. Kwa mtu wa Kitui ilifika nyuzi 66. Kadiri sayari inavyokuwa juu, ndivyo mwanga wake unavyopita kwenye hewa chache, na picha hutulia. Lenzi kali ambayo mtu wa Ulaya huitumia mara chache, wewe wa Mombasa au Mutomo unaweza kuitumia mara nyingi zaidi.

Lakini hewa ya ardhini nayo ina maneno yake. Kitui kuna jabali la Nzambani, watu hupanda kutazama mandhari, na niliwahi kushawishika kusimamisha darubini karibu na mawe. Jiwe lililoota jua kutwa hutoa joto nusu ya usiku, na Zohali ilicheza kama sarafu chini ya maji. Vile vile lami, mabati na paa za saruji. Simama kwenye nyasi au udongo, toa darubini nje saa nzima kabla ya kuanza ili kioo kipoe, na ikiwezekana amka alfajiri, kwani hewa hutulia zaidi. Kwa utulivu na giza, mie hupenda nyanda za barabara ya kutoka Kibwezi kwenda Ikutha na Mutomo, na miezi ya Januari na Februari ambapo mawingu ni machache.

Kwa mwezi na sayari giza si sharti. Mushtarii hung'aa hata juu ya taa za Mwembe Tayari. Unachohitaji ni utulivu wa hewa, na Pwani tunao usiku mwingi wa namna hiyo, shida yetu ni unyevu. Ukiona nyota zinametameta sana, weka lenzi ya 18. Zikitulia, toa ya 6.

Cha kutazama mwezini

Wengi husubiri mwezi mpevu. Hapo jua linaupiga uso kwa uso na hakuna vivuli. Utaona weupe tu. Tazama kuanzia siku ya nne hadi ya kumi, kando ya mstari unaogawa mwanga na giza. Hapo milima na mashimo hutupa vivuli virefu, na hapo ndipo othoskopiki huonyesha thamani yake.

Kwa msomaji wa Pwani nina njia ninayoipenda. Mashimo mengi ya mwezini yamepewa majina ya wanazuoni wa falaki, na majina ya Waarabu na Waajemi yameandikwa kwa namna Wazungu wa zamani walivyoyatamka. Siku ya saba au ya nane tafuta katikati ya mwezi shimo kubwa Albategnius. Huyo ni al-Battani. Jirani yake ni Arzachel, upana kama kilomita 97, ambaye ni al-Zarqali. Kusini kidogo ni Thebit, yaani Thabit ibn Qurra, na ubavuni mwake kuna shimo dogo lililoumega ukingo. Karibu na hapo kuna ukuta mrefu ulionyooka, zaidi ya kilomita 100, unaoonekana kama mstari wa wino siku ya nane. Ukutumie kupimia lenzi yako. Na ukingoni mwa mashariki, karibu na Bahari ya Majanga, yupo Alhazen: Ibn al-Haytham, aliyeandika Kitab al-Manazir, kitabu cha elimu ya kuona na mwanga, zaidi ya miaka 800 kabla ya Abbe.

Wanaotafuta hilali

Nimeulizwa mara nyingi kama othoskopiki inafaa kutafutia mwezi mwandamo. Kuutafuta, hapana. Hilali ni nyembamba, mbingu bado ina mwanga, na uwanja mwembamba utakufanya upapase mpaka mwezi uzame. Tumia lenzi ya kukuza kidogo yenye uwanja mpana. Ukishaupata, unaweza kubadilisha na othoskopiki ya milimita 18 au 25 ili uone ncha zake vizuri. Kama darubini ikubaliwe au isikubaliwe katika kuthibitisha mwezi, hilo ni la wenye elimu yake.

Ninachosema mimi ni hiki: usianze kuzungusha darubini upande wa magharibi kabla jua halijazama lote. Mwanga wa jua ukipita kwenye darubini mara moja tu, jicho limekwenda. Na ukikuta ndani ya sanduku kichujio cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kitupe. Joto lote hukusanyika hapo, kioo hupasuka, na jicho liko nyuma yake. Kichujio salama cha jua hufunika mdomo wote wa mbele.

Kununua na kutunza

Lenzi hizi ni nadra madukani kwetu. Wengi huagiza, au humtuma ndugu aliye Muscat, Dubai au London aje nayo mkobani. Kabla ya kutuma pesa, uliza haya:

1. Unene wa kibomba ni inchi ngapi, na unaingia kwenye darubini yangu?
2. Ni muundo wa Abbe wenye vioo vinne, au neno "ortho" ni jina la biashara tu?
3. Vioo vimepakwa dawa ya kuzuia mng'aro pande zote?
4. Ikiwa ni mkono wa pili: nipigie picha ya kioo kikiwa kimemulikwa tochi. Je, kuna mikwaruzo au nyuzi za kuvu?
5. Atakayeitumia ni mimi peke yangu, au ni familia nzima?

Swali la tano hujiuliza mwenyewe, na ndilo nililoliruka.

Ukishaipata, adui wa lenzi Ukambani ni vumbi, na Pwani ni unyevu na chumvi. Vumbi la Makueni lina chembe za mchanga. Ukifuta kioo kikavu kwa leso au shati, umekikwaruza. Kwanza puliza kwa kipulizio cha mpira wanachouza mafundi wa kamera, kisha pitisha brashi laini, na mwisho, ikibidi tu, kitambaa cha lenzi kilicholowa dawa yake kidogo. Dawa usiimimine juu ya kioo, itapenya kati ya vioo. Pwani hifadhi lenzi kwenye mkebe unaofunga sawasawa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na mikoba. Kuvu ikishaota ndani, huwa vigumu kuitoa bila kuharibu upakaji.

Mwezi mmoja baada ya usiku ule wa foleni nilitoa darubini tena. Safari hii niliweka ya milimita 18 peke yake. Nikawaambia wavue miwani, na kila mtoto nikampa dakika mbili kamili, fokasi mkononi mwake. Yule msichana alipofika, nilimwonyesha kitufe cha kuzungusha nikasogea pembeni. Alikaa kimya kwa muda. Kisha, bila kuondoa jicho, akauliza, "Mwalimu, mbona hizi nyota ndogo tatu ziko upande mmoja, na ile moja iko peke yake upande wa pili?"

Ile ilikuwa miezi minne ya Mushtarii. Sikuwa nimewaambia kuwa ipo.